‘Sura yako si ngeni’: Ubongo wa tumbili watufunza nini kuhusu jina na kumbukumbu?

MARA ngapi umekutana na mtu ukamwambia, “Sura yako si ngeni”? Macho yamemwona, akili imekiri kwamba inamfahamu, ila jina limekataa katakata kuja. Je, bila jina hilo, unaweza kudai unamjua?

Wapo wanaoshikilia kwamba pasipo lugha hapana fikra. Hoja hiyo hupata mtihani mgumu tunapowatazama wanyama wasio na maneno kama yetu.

Mwaka 2017, Sofia Landi na Winrich Freiwald wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walichapisha utafiti wao katika jarida la Science. Waliwachunguza makaki, jamii ya tumbili wa Asia, kwa mtambo wa sumaku unaopiga picha za ubongo ukiwa kazini. Mtambo huu hausomi mawazo, la hasha! Hufuatilia damu tu. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi hupelekewa damu zaidi, na badiliko hilo huonekana pichani.

Tumbili hao walionyeshwa nyuso za wenzao wanaowafahamu na nyuso za wageni. Kwamba ubongo wao una sehemu maalumu za kushughulikia nyuso, hilo lilijulikana zamani. Jipya lilikuwa sehemu mbili zaidi, katika maeneo yanayohusishwa na kumbukumbu, zilizoitikia hasa nyuso za wanaofahamika.

Kisha watafiti wakaonyesha picha zenye ukungu, zikafafanuka polepole. Sehemu za kawaida ziliongeza kazi kidogo kidogo. Zile mbili zilitulia, halafu zikaamka ghafla, mithili ya mtu anayesema, “Kumbe ni wewe!”

Sasa tusikurupuke. Utafiti huu hausemi kwamba tumbili ana jina la rafiki yake. Unachoonyesha ni kwamba kuona ni jambo moja na kutambua ni jingine, na kwamba kutambua hakuhitaji neno. Neno lina kazi yake tofauti: humwezesha aliyeona kumpa picha yule ambaye hakuona. Kumbukumbu isiyo na neno hubaki kwa mwenyewe.

Hapo ndipo ninapowageukia wanahabari na walimu wetu. Tumezoea kuita kila mnyama wa jamii hii “nyani”. Jamani, sokwe si nyani. Tumbili si nyani, wala mbega si kima. Waliotuachia majina haya waliwatazama wanyama hao kwa makini, wakaona tofauti, wakaitunza katika maneno. Tukiyachanganya, msomaji ambaye hajawahi kufika msituni atapokea picha yenye ukungu, na haitafafanuka kamwe.

Itakuwa aibu iwapo tumbili, asiye na kamusi, atatofautisha sura za wenzake, nasi wenye maneno tele tushindwe kumtofautisha yeye na nyani.