Karatasi ya Kigoma na karatasi ya Rumonge

KATIKA mwalo wa Rumonge kuna ubishi usiokwisha. Mfanyabiashara wa ndagala anapima virusi vya Ukimwi Kigoma, anaambiwa hana. Mkewe anapima huku nyumbani, anaambiwa anavyo. Basi wazee wa pande mbili wanaitwa, karatasi mbili zinawekwa mezani, na mara nyingi anayefungashiwa virago ni mwanamke, kwa hoja kwamba karatasi ya mume imekwisha toa ushahidi.

Sisi tuliosomea Ulyankulu tunasema Ukimwi, ndugu zetu waliobaki wanasema sida. Ugonjwa ni mmoja na kipimo ni kimoja. Kinachotupiga chenga ni kujua kipimo hicho kinasoma nini hasa.

Virusi vya Ukimwi (VVU) huingia katika chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo ndizo makamanda wa kinga ya mwili. Vikishaingia, hujiandika ndani ya vinasaba vya chembe hiyo, mithili ya mtu aliyejipenyeza na kuandikisha jina lake katika daftari la kijiji. Ndiyo sababu dawa za kupunguza makali, ARV, huvizuia kuzaana lakini haziwezi kufuta jina lile. Mtu asiyetumia dawa anaweza kuishi miaka mingi akivua, akibeba magunia na kucheza mpira, huku makamanda wakipungua kimyakimya.

Sasa, kile kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umetengeneza baada ya kuvamiwa. Silaha hizo hazitengenezwi kwa siku moja. Kwa vipimo vya kidole huchukua takriban siku 23 hadi 90 kuonekana. Kipindi hicho huitwa dirisha, na aliye ndani yake anaweza kuambukiza sana, kwa kuwa virusi vimejaa katika damu wakati karatasi yake inasema hana kitu.

Kwa hiyo karatasi ya Kigoma inaeleza hali ya mtu ilivyokuwa wiki kadhaa nyuma. Ya juzi haiyajui. Aliyelala na mtu asiyemjua Jumamosi akapima Jumatatu, amepima maisha yake ya zamani. Huyo asikae kusubiri dirisha lifunguke: zipo dawa za kinga za siku 28, ambazo hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi.

Turudi kwa yule mke. Kipimo hakionyeshi nani alianza. Huenda mume yumo dirishani. Huenda kweli hana, kwani si kila tendo la ndoa huambukiza, na wapo wanandoa walioishi miaka mmoja anavyo na mwingine hana. Huenda mke alivipata zamani, kabla ya ndoa. Wanawake hujulikana mapema kwa sababu moja tu: hupimwa wakienda kliniki ya wajawazito, wakati waume zao wako ziwani. Anayewahi kupima ndiye anayebebeshwa lawama! Jeanne Gapiya, mmoja wa waasisi wa chama cha ANSS kilichoanzishwa mwaka 1993, alitamka mbele za watu kwamba ana virusi wakati Warundi wengine walikuwa hawathubutu. Miaka yote hiyo imepita, na bado sokoni kwetu anayesema ukweli ndiye mshitakiwa.

Karatasi inayosema "anavyo" nayo ina masharti yake, na hapa wafanyabiashara watanielewa upesi, maana hakuna apokeaye noti kubwa kwa kuitazama mara moja tu. Tuseme watu 1,000 wamepimwa, na walioambukizwa ni 10. Kipimo kikikosea kwa mtu mmoja tu katika kila 100 wasio na virusi, kitawataja wengine 10 hivi bure. Nusu ya walioambiwa wanavyo watakuwa hawana. Kwa hiyo mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi kutumia vipimo vitatu tofauti, kimoja baada ya kingine, kabla ya kumtangaza mtu. Kama umetobolewa kidole mara moja ukapewa hukumu, una haki ya kuuliza, "Cha pili kiko wapi?"

Mtoto mchanga ana hesabu yake. Huzaliwa na kingamwili za mama, zinazoweza kubaki hadi miezi 18, hivyo kipimo cha kawaida kinaweza kumsingizia. Yeye hupimwa kirusi chenyewe, kwa matone ya damu ya kisigino yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu.

Wapo pia wanaosema virusi hivi ni hadithi ya kutungwa. Hao, boti yao ikitoka Kagunga kuelekea Kigoma, watazame milima ya Gombe upande wa kushoto. Sokwe wa msitu ule wana virusi vilivyo ndugu wa VVU. Watafiti walivigundua katika kinyesi na mkojo, bila kumgusa mnyama, na mwaka 2009 walitangaza kwamba sokwe walioambukizwa walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri huo huo. Hata hivyo maradhi yetu hayakutoka Gombe. Mzazi wa VVU vilivyoenea duniani alitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni mwanzoni mwa karne ya 20, kisha vikasambaa kutokea Kinshasa.

Neno kwa wanaotumia ARV na kuvuka mpaka. Usiende kujipima upya kwa siri ng'ambo ili kuona kama umepona. Mara chache dawa hushusha kingamwili kiasi kwamba kipimo cha haraka husema huna. Ukiacha dawa kwa sababu hiyo, virusi hurudi ndani ya wiki chache. Kinachofaa kwako ni kipimo cha wingi wa virusi. Visipoonekana kabisa, na ukiendelea na dawa, humwambukizi mwenzako kwa ngono. Kadi ya kliniki isafiri pamoja na dawa, katika mfuko mmoja usioingia maji.