Jembe Likigonga Kitu Ardhini

Kiangazi ndicho kipindi cha kuchimba misingi jijini Kigali. Kuanzia Juni hadi mvua za Septemba, vilima vya Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge hujaa vumbi la malori na kishindo cha sururu, na karibu kila mudugudu una mtu anayejenga nyumba, anayechimba choo au anayesawazisha kiwanja. Katika kazi hizo mafundi na vibarua hukutana na vitu ambavyo hawakuvizika wao. Tunapenda kueleza hapa vitu hivyo ni vya namna gani, na kwa nini jambo linalofanywa katika dakika tano za kwanza lina uzito kuliko yote yatakayofuata.

Tuanze na kilicho kizito zaidi. Aprili 2018, miaka 24 baada ya mauaji ya kimbari yaliyofanywa dhidi ya Watutsi, makaburi ya halaiki yaligunduliwa Kabuga, katika sekta ya Rusororo, wilaya ya Gasabo. Ni hapa hapa jijini. Juu yake palikuwa na nyumba, na watu walikuwa wakiishi humo. Mei 2019 wahanga zaidi ya 84,000 waliofukuliwa Kabuga na Masaka walizikwa kwa heshima katika ukumbusho wa Nyanza, Kicukiro. Kisha ikaja zamu ya Huye: Oktoba 2023 uchimbaji ulianza katika sekta ya Ngoma, penye makazi ya watu. Kufikia Januari 2024 yalikuwa yamepatikana mabaki ya watu 119, na taifa lilipoadhimisha Kwibuka ya 30, Aprili mwaka huo, hesabu ilikuwa imefikia watu wasiopungua 1,000.

Kaburi la watu wengi kiasi hicho halichimbwi na mtu mmoja katika usiku mmoja. Wapo waliochimba, wapo waliobeba, wapo waliochungulia dirishani, na wapo waliokuja baadaye kununua kiwanja, wakachimba msingi, wakaona mifupa, wakaifukia upya na kumwaga zege. Hao wa mwisho hawakuua mtu. Lakini kwa ukimya wao, manusura aliyetafuta wazazi wake kwa miaka 30 huenda amekuwa akipita juu yao kila alfajiri akienda sokoni. Sheria Na. 59/2018 ya tarehe 22 Agosti 2018, inayohusu itikadi ya mauaji ya kimbari na makosa yanayohusiana nayo, inahesabu kuficha au kuharibu ushahidi wa mauaji hayo kuwa kosa la jinai. Wala mtu asijifariji kwamba miaka imepita: kosa la mauaji ya kimbari lenyewe halifutwi na wakati.

Wengi hudhani kwamba wajibu wao unakwisha wakishatoa taarifa, na kwamba hakuna ubaya kuinua mifupa wakaipanga vizuri pembeni huku wakisubiri viongozi. Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Nguo, kiatu, rozari, kitambulisho kilichooza nusu, vyote hivyo huzungumza vikiwa mahali vilipokuwa. Katika nchi yetu jamaa wengi wamewatambua wapendwa wao kwa kitambaa cha gauni au kwa sweta iliyofumwa nyumbani. Sweta hiyo ikitenganishwa na mifupa iliyoivaa, inabaki kuwa kitambaa tu. Kwa mpelelezi vilevile, namna mwili ulivyolala, kamba iliyo mkononi au ufa wa fuvu ni maelezo ya kosa, na maelezo hayo hayaandikwi mara ya pili.

Uzito wa vitu hivyo umekwisha kutambuliwa na dunia. Tarehe 20 Septemba 2023, katika kikao cha Riyadh, UNESCO iliziandika kumbusho nne za mauaji ya kimbari, yaani Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Gisozi, ambapo wamepumzika wahanga zaidi ya 250,000, kila mkazi wa Kigali anapajua. Anayeingia kanisani Nyamata huona nguo za waliouawa humo, na wataalamu wa hifadhi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha Marekani, wameshirikiana na Wanyarwanda kuzikinga nguo hizo dhidi ya vumbi, unyevu na wadudu. Kipande cha nguo kinachotupwa na kibarua pamoja na kifusi ni ndugu wa zile zinazotunzwa kule kwa uangalifu mkubwa.

Si kila kinachotoka ardhini ni cha mwaka 1994. Ardhi ya Rwanda ni ya kale. Wahenga waliofua chuma waliishi katika vilima hivi zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na wanaakiolojia wamefukua tanuri zao katika maeneo ya Huye. Vyungu vyao huitwa vya Urewe, kwa jina la mahali karibu na Ziwa Viktoria nchini Kenya vilikoelezwa kwanza, na baadhi vina kibonyeo kidogo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole. Mkulima akikuta vigae vyenye mistari ya nakshi, au mabonge meusi mazito yenye matundu, yaani mavi ya chuma, asiyatupe kwenye mfereji. Makaa yaliyo kando yake yanaweza kupimwa maabara yakaeleza tanuri liliwaka karne gani. Yakichanganywa na udongo wa juu, hayaelezi chochote. Kwa hiyo hata mtu anayebeba chungu kwenda kukiweka sebuleni kwa mapenzi ya dhati amekiharibu zaidi ya nusu. Anayekiuza kwa mpita njia amefanya vibaya zaidi, na Sheria Na. 28/2016 ya uhifadhi wa urithi wa utamaduni na maarifa ya jadi inamhusu. Mahali pake ni mikononi mwa Taasisi ya Urithi wa Utamaduni ya Rwanda (RCHA), inayosimamia makumbusho ya taifa, likiwemo lile la Huye lililofunguliwa mwaka 1989.

Kitu cha tatu tunakitaja kwa ufupi kwa sababu hakihitaji maelezo mengi: guruneti, risasi na mabomu yaliyobaki tangu vita. Kutu haipunguzi ukali wake. Usikiguse, usikimwagie maji, usikitupe mtoni, usikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Waondoe watoto kwanza, kisha ujiondoe mwenyewe.

Tunajua kinachowanyamazisha watu. Mwenye kiwanja ana mkopo wa benki, ana kibali chenye muda, ana mafundi wanaodai ujira wa kila siku. Anaona kwamba akisema, kazi itasimama. Hatutamdanganya kwamba haitasimama. Itasimama, pengine kwa siku, pengine kwa muda mrefu, kutegemea kilichopo. Lakini aliyekikuta kitu na kusema siku hiyo hiyo ni shahidi, tena shahidi mwema. Aliyekikuta akamwaga zege, kisha kikagunduliwa baada ya miaka kumi, atakaa mbele ya mpelelezi akiulizwa maswali mengine kabisa. Kibarua naye asidhani kwamba jambo ni la tajiri wake peke yake. Aliyeshika sururu ndiye aliyeona.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Simamisha kazi, acha kitu kilipo, zuia watu wasikanyage, na mweleze kiongozi wa mudugudu au utupigie simu. Askari atakayefika atazungushia eneo utepe na kulilinda, usiku ukiwemo. Ikiwa ni mabomu, wataalamu wetu wataitwa. Ikiwa ni mabaki ya watu, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB) itafanya kazi yake, na Wizara ya Umoja wa Kitaifa (MINUBUMWE), wilaya na shirika la manusura, Ibuka, watashirikiana katika kuwafukua wahanga na kuwazika kwa heshima. Ikiwa ni vya kale, RCHA itajulishwa. Raia halazimiki kujua ni kipi kati ya hivyo. Hata sisi hatuwezi daima kujua kwa kutazama tu.

Namba ya polisi ni 112, haina malipo. Ya RIB ni 166. Anayejua mahali ambapo hapajachimbwa bado, naye anaweza kuzitumia.