Kilimia na Wanafunzi wa Nchi ya Chai

Wakulima wa chai wa Kericho na Bomet waujua sana usiku wa mwezi wa Januari. Mawingu hutoweka, upepo hutulia, na baridi hushuka mabondeni, hata mwenye shamba hulala na wasiwasi asije akaamka na kuona majani machanga yameungua kwa jalidi. Lakini usiku ule ule umtiao mkulima hofu ndio umfaao sana mwanafunzi wa nyota. Nchi ile imeinuka kiasi cha meta 2,000 juu ya bahari, na mbali na taa za mji na za viwanda nyota huonekana wazi kabisa.

Basi twapenda kuwaeleza walimu, wazazi na wanafunzi kazi moja iwezayo kufanywa na shule yo yote ya huko bila gharama kubwa. Kazi yenyewe ni kuchagua kundi moja la nyota, kulichungua mwaka mzima, na kuandika yote yaonekanayo. Kundi lifaalo ni lile la Ng'ombe Dume, ambalo ndani yake kimo Kilimia.

Kilimia si mgeni kwetu, kwa maana jina lake latokana na kulima. Watu wa pwani husema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mwaka 1905 Bwana A. C. Hollis aliandika katika kitabu chake kwamba Wamasai walizitazama nyota hizo sita, zifuatanazo kama ng'ombe, wapate kujua habari za mvua. Zilipopotea walijua kuwa mvua kubwa imekwisha. Mwaka 1909 aliandika pia habari za Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis. Wao walikiita Kilimia Koremerik, na kwa kuonekana kwake au kutoonekana walijua kama mavuno yatakuwa mema au mabaya. Wazee hao hawakuwa na kalenda ya karatasi ukutani, lakini kalenda walikuwa nayo, tena haikuchakaa.

Kazi na ianze mwezi wa Januari. Saa tatu ya usiku Kilimia huwa karibu na utosi, kimeelekea kidogo upande wa kaskazini. Kila mwanafunzi na achore nyota anazoziona bila kumtazama mwenzake, kisha walinganishe hesabu zao. Wengi wataona 6. Mwenye macho makali ataona 7 au zaidi. Mwaka 1610 Galileo alitangaza mchoro wa nyota 36 alizoziona kwa darubini yake, na siku hizi wataalamu wamekwisha kuhesabu zaidi ya 1,000.

Kisha wanafunzi warudi mahali pale pale, saa ile ile, kila juma. Wataona kuwa Kilimia chazidi kwenda magharibi, na mwisho wa Machi ki chini karibu na vilima. Sababu ni kwamba dunia yalizunguka jua, na kwa hiyo kila nyota huchomoza mapema kuliko jana kwa dakika 4 hivi, yaani saa 2 kwa mwezi. Mwezi wa Mei jua husimama upande ule ule wa Kilimia, nacho hakionekani kabisa. Mwezi wa Juni, mwenye kuamka saa kumi na moja ya alfajiri atakiona tena, sasa upande wa mashariki.

Hapa mwalimu aeleze neno moja kwa makini. Nyota hazileti mvua. Hutuonyesha majira tu. Mvua yaweza kuchelewa, lakini Kilimia hakichelewi. Kwa hiyo, kando ya daftari ya nyota na iwepo daftari ya mvua, iliyoandikwa kila asubuhi kutoka katika kipimo cha mvua cha shule. Daftari hizo mbili zikiendelezwa miaka mingi, darasa moja likilirithisha jingine, zitaonyesha kama dalili ya wazee yafuatana bado na mvua za leo. Swali hilo si mchezo kwa mtu ategemeaye shamba.

Wanafunzi watajifunza na mengine pia. Kilimia ki mbali nasi kwa miaka ya nuru 440 hivi, na nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa nukta moja. Maana yake, nuru tuionayo usiku huu ilianza safari karibu na wakati ule Wareno walipojenga Ngome ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593. Karibu na Kilimia yang'aa nyota nyekundu kidogo iitwayo Aldebaran. Jina hilo ni la Kiarabu, maana yake mwenye kufuata, kwa sababu hukifuata Kilimia usiku kucha. Hata hivyo si jamaa yake, kwani yenyewe ni miaka ya nuru 65 tu kutoka hapa.

Sehemu ya mwisho ya kazi hufanywa mchana, nyumbani kwa wazee. Kila mwanafunzi na amwendee babu au bibi, amwamkie kwa adabu, amwulize majina ya nyota na kazi zake, na kuyaandika kama yalivyosemwa. Sehemu hii haiwezi kungoja. Kilimia kitarudi kila Juni, bali mzee akiisha kwenda zake harudi.

Asidhani mtu kwamba majina hayo hayana thamani mbele ya ulimwengu. Mwaka 2023 Umoja wa Wataalamu wa Nyota wa Ulimwengu ulikubali majina yaliyopendekezwa na kundi la watu wa Kenya: nyota GJ 1214 ikaitwa Orkaria, na sayari yake ikaitwa Enaiposha. Yote mawili ni maneno ya Kimasai, lugha ya majirani wanaopakana na Bomet. Orkaria ni udongo mwekundu wa kujipaka. Enaiposha ni maji makubwa kama ziwa.

Basi wanafunzi wa nchi ya chai washike kalamu. Mbingu i wazi, na wazee wangaliko.