Dhamiri Iliyo Macho na Mzigo wa Kazi: Wauguzi wa Wagonjwa wa Akili

Mchungaji azurupo hospitali humwendea mgonjwa. Ni mara chache humwendea muuguzi. Makala hii yakusudia kueleza kwa nini muuguzi wa wagonjwa wa akili naye astahili uangalizi wa kichungaji. Kazi yake si ngeni kwa Walutheri: huko Lutindi, katika milima ya Usambara, kituo kilichoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani kilianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwanza, mzigo wa akili. Kipimo kilichotolewa mwaka 1988 na Sandra Hart na Lowell Staveland huutazama mzigo huo katika mambo sita: matakwa ya akili, ya mwili na ya muda, jitihada, fadhaa, na jinsi mtu aonavyo mafanikio yake mwenyewe. Muuguzi aweza kuonekana ameketi tu, kumbe anawachunga wote kwa wakati mmoja: nani ameficha dawa, nani amenyamaza ghafla, nani aweza kujidhuru usiku huu.

Pili, wepesi wa dhamiri. Kim Lützén wa Sweden aliuchunguza katika uuguzi wa magonjwa ya akili kwenye miaka ya 1990. Tuchukue mfano wa mgonjwa akataaye sindano. Muuguzi mmoja aona kazi inayocheleweshwa. Mwingine aona mtu mwenye hofu na haki yake, na pia hatari itakayompata asipotibiwa. Huenda wote wawili wakamdunga mwishowe, lakini huyu wa pili atakuwa amejaribu maneno kabla ya nguvu.

Je, wepesi huo huifanya kazi kuwa bora? Ndiyo, ila wahitaji muda. Muda ukikosekana, hutokea ile dhiki ya dhamiri aliyoieleza Andrew Jameton mwaka 1984: mtu ajua lililo jema, lakini taratibu na upungufu wa mahali pake pa kazi vyamzuia kulitenda. Hapo wengine huumia, na wengine hufa ganzi. Kufa ganzi ndiko kwa hatari zaidi, kwa maana hufanana na ustadi: zamu yaisha kwa wakati na daftari limejazwa, bali mgonjwa hakuonwa.

Basi, mchungaji afanye nini? Asiharakishe kusema, “Vumilia, huu ni wito.” Wito haumgeuzi mtu kuwa chombo. Eliya alipochoka chini ya mretemu, hakupewa kwanza hotuba wala kazi mpya, bali usingizi na mkate. Vivyo hivyo, tumsikilize muuguzi na kuitunza siri yake. Na tuketipo katika halmashauri za hospitali zetu, tukumbuke kwamba idadi ya wauguzi katika zamu si suala la fedha tu. Ni suala la dhamiri, nayo ni dhamiri yetu sisi pia.