Hesabu za msitu zinageuka filimu: kazi ya Sammy Baloji, na namna inatuhusu sisi wa Ituri

Hapa Ngezi, Bunia, ukisema "data za mazingira", wengi wanafikiri ni mambo ya wanasayansi na miradi tu. Lakini kuna Mkongomani anayechukua hesabu hizo na kuzigeuza picha, sauti na filimu zenye kila mtu anaweza kuangalia.

Anaitwa Sammy Baloji. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Alijulikana kwanza kwa picha zake za mwaka 2006, ambamo aliweka wafanyakazi wa picha za kikoloni juu ya picha za leo za mitambo ya Katanga iliyochakaa. Tangu miaka ya karibuni anashughulika na msitu, zaidi Yangambi.

Yangambi ni nini?

Yangambi iko jimboni Tshopo, kando ya mto Kongo, upande wa magharibi wa Kisangani. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha shirika la utafiti wa kilimo, INEAC, na Yangambi ikawa makao yake makubwa. Leo linaitwa INERA. Watafiti walichunguza kahawa, mpira na mawese. Kila juma watu walizunguka msituni na kuandika kwenye makaye: mti huu umetoa maua, ule umeangusha majani. Mvua na joto pia viliandikwa.

Makaye hayo ya zamani yana faida hata leo, juu bila hesabu za kale hauwezi kujua kama hali ya hewa imebadilika. Tena tangu mwaka 2020 kuna mnara wa metre 55 unaopima hewa ya kaboni ambayo msitu unavuta na kutoa.

Inageuka sanaa namna gani?

Baloji hachori chati. Katika filimu Aequare (2023) anachanganya filimu za propaganda za kikoloni na picha za Yangambi ya leo. Mtazamaji anaona mwenyewe ahadi za zamani na kilichobaki. Mwaka huohuo, kule Venice, Italia, kazi zake zilitajwa kwa heshima kwenye maonyesho makubwa ya ujenzi.

Mwaka 2025 akatoa filimu ndefu, L'arbre de l'authenticité, iliyopata tuzo ya jury kule Rotterdam, Uholanzi. Ndani yake kuna Paul Panda Farnana, Mkongomani aliyesomea kilimo Ubelgiji na kumaliza mwaka 1907, halafu akatetea haki za Wakongomani. Kuna pia mtafiti Mbelgiji wa mawese, Abiron Beirnaert. Mwishoni mti wenyewe unapewa sauti. Ni kusema, kitu kilichopimwa miaka yote kinasema nacho.

Na Ituri?

Sisi pia tuko na makaye yetu. Ukitoka Bunia kwa barabara ya Komanda na Mambasa, unafika Epulu, katika Hifadhi ya Okapi. Huko Edoro na Lenda, tangu mwaka 1994, watafiti walipima kila mti wenye unene kuanzia sentimita 1, kwenye hekta 40. Wakati wa vita, Mkongomani Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea, alificha kompyuta, hesabu za utafiti na mimea iliyokaushwa, kisha yeye mwenyewe akajificha msituni. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Goldman.

Mtu hahatarishi maisha yake juu ya karatasi tupu. Zile karatasi ni ushahidi: msitu ulikuwa namna gani, na nini kimepotea. Leo dunia inaongea juu ya kaboni ya msitu wetu, na mwenye hesabu ndiye anasikilizwa kwenye meza ya mazungumzo. Mkaaji asiyezielewa hawezi kuuliza swali.

Ndiyo maana kazi kama ya Baloji inahitajika karibu na msitu wenyewe, si Venice na Rotterdam tu. Kitambaa cheupe, projekta na jenereta vinatosha kwa uwanja wa shule. Vijana wa Ngezi wanaopiga picha na kutengeneza video kwa simu nao wanaweza kuanza na kidogo: kuandika kila mvua inayonyesha, kupiga picha ya korongo lilelile kila mwezi, na kuhoji wazee. Baada ya mwaka mmoja, watakuwa na data zao wenyewe, na filimu yao ya kwanza.