Mita 2,300 za kwenye boksi

"Fundi, hii mpya inaona mita ngapi?"

Swali hilo nimelichoka. Wanaoniuliza si wageni wa mambo haya. Ni Wakenya na Watanzania wa Texas ambao wamekwisha kukesha ranchini wakiwinda nguruwe mwitu kwa darubini ya joto, wanajua kwamba haioni kupitia ukuta wala kioo cha gari. Lakini wakiona ya zamani imeandikwa mita 1,800 na mpya 2,300, kadi ya benki inatoka mfukoni yenyewe. Mita hizo 500 za nyongeza hawatazitumia hata usiku mmoja. Nguruwe hupigwa mita 100, mita 150. Aliye hodari, mwenye cha kuegemezea bunduki, labda 250.

Hebu tuifungue hiyo namba. Mita 2,300 ni umbali wa kugundua tu, na kinachogunduliwa kwa kawaida si nguruwe bali kitu chenye kimo cha mita 1.8, yaani mtu mzima aliyesimama. Ukichukua darubini yenye pikseli za mikroni 12 na lenzi ya milimita 50, mtu huyo kwa umbali huo anapata pikseli tatu za kimo, na upana wake haujazi hata moja. Doti tatu zilizopandana, basi. Na ile ya zamani ya mikroni 17, lenzi ile ile ya milimita 50, kwenye mita zake 1,800 inakupa nini? Doti tatu. Unatoa dola elfu kadhaa ili doti zako zisogee mbali zaidi. Ni sawa na kununua kiwanja Arusha kwa sababu siku ya anga safi unaona Kilimanjaro.

Mwaka 1958 mtafiti wa jeshi la Marekani, John Johnson, aliwasilisha huko Fort Belvoir, Virginia, vipimo vya kile ambacho jicho linahitaji mbele ya kifaa cha kuonea usiku. Kugundua kwamba kuna kitu kunataka jozi moja ya mistari, nyeupe na nyeusi, kwenye upande mfupi wa kitu hicho. Kutambua ni kitu cha aina gani kunataka jozi nne. Kubainisha hasa ni kipi kunataka jozi 6.4. Kwa hesabu ya pikseli ni 2, 8 na karibu 13. Na hata hapo, viwango hivyo ni vya nusu kwa nusu: katika watazamaji kumi, watano wamepata na watano wamekosa. Wauzaji wameokota ngazi ya chini kabisa ya kazi hii wakaipamba kwa herufi kubwa, na mnunuzi anaisoma kana kwamba ni umbali wa kupiga.

Mwindaji ana kazi gani na kugundua? Texas, nguruwe mwitu kwenye shamba la mtu binafsi, mwenyewe akikuruhusu, unampiga usiku, na tangu 2019 huhitaji hata leseni ya uwindaji. Kulungu ukimpiga usiku umevunja sheria. Ndama ni mali ya mwenye ranchi aliyekukaribisha. Wote watatu ni madoa meupe ya moto gizani. Ngazi yako basi ni ya pikseli nane na kuendelea, na kabla ya kidole kugusa kifyatulio ningependa ziwe kumi na tatu.

Kwa hiyo acha mita, fanya hesabu hii ambayo muuzaji hatakufanyia. Gawa mikroni za pikseli kwa milimita za lenzi, zidisha kwa 10. Jibu ni sentimita ambazo pikseli moja inafunika kwa kila mita 100. Mikroni 17 kwa milimita 50: sentimita 3.4. Nguruwe mwenye kimo cha sentimita 60, akiwa mita 200, anapata karibu pikseli 9. Sasa ichukue mpya inayouzwa kwa jina la "mikroni 12" lakini lenzi yake imepunguzwa hadi milimita 35 ili iwe nyepesi. Jibu? Sentimita 3.4. Nguruwe yule yule, pikseli zile zile, pesa zimekwenda! Tena lenzi ndogo inakusanya joto pungufu. Wangapi wameniletea hii wakilalamika kwamba imeharibika. Haijaharibika, ndivyo ilivyo.

Mikroni 12 kwa milimita 50 ndiyo hatua ya kweli: sentimita 2.4, pikseli 12 na ushee. Hata hiyo ina bei yake isiyoandikwa kwenye boksi. Kwa kihisi cha pikseli 640, upana unaouona mita 100 mbele unashuka kutoka karibu mita 22 hadi 15, na kundi la nguruwe likitawanyika baada ya risasi ya kwanza utabaki unatazama nyasi. Kihisi cha pikseli 1,280 kinarudisha upana huo, lakini kwa mikroni na lenzi zile zile hakimwongezei nguruwe pikseli hata moja. Kukuza kwa kidijitali hakuongezi kitu popote; doti inakuwa kubwa, basi.

Kuhusu milikelvini, yaani tofauti ndogo kabisa ya joto ambayo darubini inaweza kuiona: 20 ni sehemu mbili za mia za digrii. Usiku mkavu wa baridi magharibi mwa Texas, nguruwe ana joto la digrii kadhaa zaidi ya ardhi, na darubini ya 40 inamwona sawasawa. Karibu na Ghuba ya Meksiko, kwenye unyevu na ukungu, au baada ya mvua kusawazisha joto la kila kitu, hapo namba ndogo ina maana na nisingekuzuia.

Haya, uamuzi. Una pikseli 384 za mikroni 17 na lenzi ya milimita 25, na unapiga zaidi ya mita 110? Badilisha. Yako inatoa picha 9 kwa sekunde? Badilisha, nguruwe anayekimbia atakuwa amekwisha kupita. Una 640, mikroni 17, milimita 50? Kaa nayo, kipimia umbali cha leza kitakusaidia zaidi, maana picha ya joto haikuonyeshi ukaribu wa kitu. Unashindwa kuwapata wanyama? Nunua darubini ya mkononi, acha kutafuta kwa mtutu wa bunduki. Kila unachokitazama kwa njia hiyo umekilenga. Betri ya ndani imechoka? Ulizia bei ya betri kwanza. Ukibadilisha, rudi uwanja wa shabaha kabla ya kwenda ranchini. Na ile kuukuu iuze huko huko Marekani. Usiifungashe kwenye begi la Nairobi iwe zawadi ya mjomba: kuitoa nchini kunahitaji kibali cha serikali ya Marekani, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kujiburudisha mwaka 1977.