CD Nzima, Laptop Nzima, Gemu Halifunguki

Mafundi wa kompyuta hapa Songea wameyazoea malalamiko haya: mtu ana CD ya gemu aliyoachiwa na kaka yake, ya miaka ya 2000, haina hata mkwaruzo. Laptop yake nayo ni nzima. Akiweka CD, gemu halifunguki. Wengi hudhani ni virusi, wengine humshuku fundi kwamba amewawekea Windows mbovu. Tatizo si hilo, na ukilielewa utaelewa pia kwa nini zipo kampuni duniani zinazoishi kwa kuuza upya magemu ya miaka 20 au 30 iliyopita, na kwa nini kazi yao inatugusa sana sisi wa mikoani.

Gemu ni maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya mashine fulani. Mashine ikibadilika, maagizo yanabaki yaleyale lakini anayeyasoma si yule tena. Windows ya biti 64, ambayo ndiyo iko kwenye karibu kila laptop siku hizi, haisomi kabisa programu za biti 16 za enzi za DOS na Windows 3.1. Halafu kuna suala la kasi. Baadhi ya magemu ya zamani hayakuwa yakitazama saa; yalikadiria muda kwa mwendo wa prosesa. Ukiyapeleka kwenye prosesa ya leo, adui anakumaliza kabla hujagusa kitufe.

Linaloniudhi zaidi ni la kinga ya CD. Magemu mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalikuwa na kinga iitwayo SafeDisc, ya kuzuia watu wasichome nakala. Kinga hiyo ilipandikiza ndani kabisa ya Windows faili liitwalo secdrv.sys, kazi yake kuhakiki kama CD ni halisi. Baadaye Microsoft ikaona faili hilo ni mwanya wa wahalifu. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 ikalikataa, na Septemba mwaka huohuo likazimwa hata kwenye matoleo ya nyuma yake. Kwa hiyo aliyelipa pesa zake akanunua CD halali ndiye aliyefungiwa mlango, na mwenye nakala iliyovunjwa kinga anaendelea kucheza. Mtu akiniuliza kwa nini magemu ya zamani yanahitaji kutolewa upya kihalali, namwanzia hapo.

Kwa magemu ya DOS dawa ilishapatikana. Tangu mwaka 2002 ipo DOSBox, programu ya bure inayojifanya kompyuta nzima ya zamani ndani ya kompyuta yako: prosesa unayoipangia kasi, kadi ya sauti ya Sound Blaster, na skrini ya nukta 320 kwa 200. Hapo kwenye skrini ndipo utamjua fundi mzuri. Nukta hizo 320 kwa 200 zilikuwa zikivutwa zijaze kioo cha uwiano wa nne kwa tatu, hivyo kila nukta ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko upana wake, na wachoraji walichora wakilijua hilo. Ukizionyesha nukta kama miraba kamili, nyuso za watu zinabonyea. Aliyetoa gemu upya kwa uangalifu amelirekebisha hilo kabla hujalinunua. Aliyelipua kazi ameliacha.

Duka la GOG, lililoanzishwa mwaka 2008 na kampuni ya CD Projekt ya Poland, lilijengwa juu ya kazi ya namna hii. Magemu yake mengi ya DOS ni mafaili yaleyale ya zamani, yamefungwa pamoja na DOSBox iliyokwisha kupangwa vizuri. Mnunuzi anabofya, gemu linafunguka. Na halina kinga: unapakua faili la kusakinisha mara moja kwa bando la usiku, unalihifadhi kwenye flashi, na hata bando likiisha gemu ni lako na linacheza. Kwa mtu wa mitaa ya hapa Songea kama Mfaranyaki au Lizaboni hili ni jambo kubwa kuliko punguzo lolote la bei, maana baadhi ya maduka mengine hudai intaneti ili kuthibitisha kwamba wewe ndiye mnunuzi.

Ufundi, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Kigumu ni kumpata mwenye mali. Kampuni ya Looking Glass ya Marekani ilifungwa mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya kutoa System Shock 2. Miaka kumi na mbili baadaye kijana aitwaye Stephen Kick alikuwa safarini, akataka kulicheza gemu hilo, likamkatalia. Akaanza kufuatilia nani analimiliki, akakuta haki ziko kwa kampuni ya bima. Aliwaandikia, wakakubaliana, na Februari 2013 gemu likarudi sokoni. Kampuni yake, Nightdive, imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu wakati huo. Walishindwa na jingine, No One Lives Forever la mwaka 2000: kampuni tatu kubwa zilikuwa zinahusika na haki zake, hakuna aliyekuwa na uhakika kashika nini, na hakuna aliyetaka kupekua mafaili ya makaratasi ili ajue. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya magemu ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya magemu yaliyotoka nchini humo kabla ya 2010 hayapatikani tena madukani.

Nchini kwetu pia, gemu kuzeeka hakulifanyi kuwa la bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na kampuni kufungwa hakufuti haki. Kunamficha tu mwenye nazo.

Sasa nije kwa gemu ambalo kila aliyekulia kwenye vibanda vya PlayStation 2 mjini hapa analijua: GTA San Andreas. Wakati huo Songea ilikuwa haijaunganishwa na gridi ya taifa, jambo lililokuja kutimia mwaka 2018 laini ya kutoka Makambako ilipofika. Tulitegemea mashine za dizeli, na umeme ukikatika katikati ya misheni kabla hujasevu, unaanza upya na pesa yako imekwenda. Gemu lenyewe lilitoka kwa kompyuta mwaka 2005 na liliridhika na memori ya megabaiti 256 na nafasi ya gigabaiti 3.6.

Novemba 2021 kampuni mmiliki, Rockstar, ilitoa upya San Andreas pamoja na wenzake wawili, GTA III na Vice City, kwa sura mpya. Wiki chache kabla, matoleo ya zamani yalikuwa yameondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Mzigo mpya wa magemu hayo matatu ulitaka memori ya gigabaiti 8 na nafasi ya gigabaiti 45. Na ulikuja na kasoro zilizowasikitisha wachezaji wa dunia nzima. Picha zilikuzwa kwa programu, maandishi ya mabango yakakosewa herufi. Mvua ilinyesha kwa mistari myeupe iliyoziba macho. Baadhi ya nyimbo za redio hazikuwamo kwa sababu leseni zake zilikwisha.

Kosa lililoniuma ni la ukungu. PlayStation 2 ilikuwa na memori ya megabaiti 32 tu, haikuweza kuchora ramani nzima kwa mara moja, kwa hiyo mbali kulifunikwa na ukungu, kama milima yetu ya Matogoro asubuhi ya mwezi Juni. Ukungu ule ulificha udhaifu wa mashine, lakini pia ndio uliofanya safari ya kutoka mji mmoja hadi mwingine ionekane ndefu. Toleo jipya liliuondoa. Ulipopanda juu ya mlima uliona miji yote mitatu imebanana, na dunia uliyodhani ni kubwa ikawa kijiji. Rockstar iliomba radhi Novemba hiyohiyo ya 2021, ikawarudishia wanunuzi wa kompyuta matoleo ya zamani, na hadi Novemba 2024 ilikuwa bado inatoa marekebisho.

Kwangu mimi kosa la msingi ni kuliondoa la zamani ili jipya liuzike. Laptop nyingi tunazotumia hapa ni mitumba ya maofisi ya Ulaya, memori gigabaiti 4. San Andreas ya 2005 inatembea juu yake bila kusita. Ya 2021 inadai memori mara mbili ya hiyo. Kinachoitwa maboresho kimewatoa nje watu wale wale ambao gemu la zamani liliwafaa zaidi.

Na kwetu magemu hayo hata si ya zamani kwa maana wanayoijua wengine. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na zuio hilo lililegezwa polepole. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Magemu ya miaka ya 1980 yanayowaliza Wamarekani kwa kumbukumbu, Mtanzania wa kawaida hakuyaona yalipotoka. Yakitolewa upya leo, kwake ni toleo la kwanza, na anayejifunza kutengeneza magemu atajifunza mengi kwa kuyacheza, maana yalibuniwa kwa mashine dhaifu kuliko simu yake.

Afrika Mashariki nayo ina ya kwake ya kulinda. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu la kompyuta la pande tatu, ambamo msichana Nyangi anatafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Magemu kama hayo hayana GOG ya kuyafuata wala kampuni ya bima yenye kumbukumbu. Yanategemea alichohifadhi mtengenezaji mwenyewe. Hata Jordan Mechner, aliyetunga Prince of Persia mwaka 1989, alikuwa ameupoteza msimbo chanzo wake; mwaka 2012 baba yake akaukuta kwenye boksi la diski laini, na wataalamu wakafanikiwa kuusoma.

Kwa hiyo kijana wa Songea anayeandika gemu lake leo aweke msimbo chanzo mahali pawili, nyumbani na mtandaoni, pamoja na picha na sauti zikiwa hazijabanwa. Aandike ni toleo gani la programu alitumia kulijenga. Na kama wako watatu, wasaini karatasi moja inayosema nani anamiliki nini, kabla hawajatawanyika kwenda vyuoni. Mwenye CD za zamani azinakili kama faili zima la diski sasa hivi, hasa zile za kuchoma, maana tabaka linaloshika data huchakaa hata kama hazijaguswa.